Gavana aliyepanda mchongoma

Nyuma ya nyumba ya bibi yangu kule Pangani palikuwa na ua wa michongoma. Haukuwa ua wa kupendeza macho. Ulipandwa kuzuia mbuzi wa jirani wasiingie kwenye mihogo, na kutuzuia sisi watoto tusitoroke kwenda mtoni saa za adhuhuri. Mbuzi walizuilika. Mimi nilijua tundu alilochimba mbwa, nikawa napita hapo kifudifudi, mpaka siku mwiba uliponiingia kisiginoni ukakatikia ndani. Bibi aliuchokonoa kwa sindano aliyoipitisha kwenye moto wa kibatari, nami nililia mpaka nikasikika barabarani. Alipomaliza hakunipa pole. "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," akasema, kisha akanitilia kiganjani matunda matatu ya mti ule ule, yameiva wekundu wa kuelekea weusi. "Yaviringishe kwanza." Ukiyala hivi hivi yanakaza ulimi. Ukiyaviringisha taratibu kati ya viganja mpaka yawe teketeke, ugwadu unapungua na utamu unatoka.

Miaka mingi ikapita. Mdogo wangu akaenda kusomea misitu Morogoro, na likizo moja alirudi na ule ugonjwa wa wanafunzi wa mwaka wa pili: kila mti aliouona lazima autaje kwa Kilatini. Alipofika kwenye ua wa bibi akasema, "Flacourtia indica." Nikamwambia indica naielewa, ni mambo ya India; hiyo Flacourtia ndiyo nini?

"Jina la mtu, kaka. Mzungu mmoja wa zamani, alikuwa gavana."

(Huku kwetu jina mchongoma hupewa miti ya miiba ya namna kadhaa, na ukimtajia mtu wa bara anaweza kuwa anafikiria mwingine kabisa. Wa bibi ni huu wa matunda, ambao Waingereza nao huuita mplamu wa gavana.)

Nilicheka. Wenzake wamepewa milima na maziwa, yeye amepewa mti ambao sifa yake kubwa katika lugha yetu ni onyo: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Nikasema mtu huyu lazima nimjue. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Ikawa ya mwezi mzima, kwa Kifaransa changu cha kuungaunga, nikisoma kwenye simu kurasa zilizopigwa picha za kitabu chake cha mwaka 1658, ambamo herufi s imechapwa ikafanana na f, basi kila mstari unausoma mara mbili ndipo ukuingie.

Jina lake Étienne de Flacourt. Alizaliwa Orléans mwaka 1607, katika ukoo wenye cheo. Akaja kuwa mmoja wa wakubwa wa kampuni ya biashara iliyoundwa 1642 kwa baraka za Kardinali Richelieu, waziri mkuu wa mfalme wa Ufaransa, iliyopewa miaka 10 ya kufanya biashara na kuweka makazi Madagascar na visiwa vya jirani bila Mfaransa mwingine kuingilia. Madagascar hiyo wazee wetu waliiita Bukini. Unguja mpaka leo kuna ngoma ya kibuki, ya mashetani waliotoka huko, ambao hawakubali kuondoka bila kupewa kinywaji kikali. Nalitaja mapema ili msomaji asidhani nampeleka ugenini. Bukini tuna jamaa.

Kabla ya Flacourt kampuni ilimtuma mtu aliyeitwa Pronis. Wafaransa wa kwanza walishukia Manafiafy, kusini mashariki ya kisiwa, homa ikawaparamia, wakafa wengi. Waliobaki wakahamia rasi yenye upepo wa bahari pande zote, wakajenga ngome mwaka 1643, wakaiita Fort Dauphin kwa heshima ya mwana mfalme, yule yule ambaye mwaka huo huo alirithi kiti na kuwa Louis wa 14. Pronis alioa binti wa nasaba ya watawala wa pale. Watu wake wakalalamika kwamba chakula cha ghala kinaliwa na shemeji zake, wakamkamata, wakamfunga minyororo miezi sita. Alipofunguliwa aliwachukua 12 kati ya waasi hao akawatupa kwenye kisiwa kitupu, mbali mashariki. Kisha akafanya jambo baya kuliko yote: aliwakamata wenyeji 73, baadhi yao watu waliokuwa wakiitumikia ngome, akawauza utumwani kwa gavana Mholanzi wa Mauritius.

Habari ya aina hiyo haihitaji barua. Wenyeji wakaacha kuikaribia ngome kila ilipoonekana meli bandarini.

Flacourt alifika tarehe 4 Desemba 1648, na meli iliyoitwa Saint-Laurent. Alikuja na walowezi na mapadri wawili waliotumwa na Vincent de Paul. Hao mapadri hawakumaliza hata miaka miwili; wa kwanza alifariki 1649, wa pili 1650. Flacourt alikuta ngome ya miti na makuti, ghala tupu, Wafaransa waliogawanyika, na majirani wenye hasira ya haki. Unaposoma kurasa hizi unamwonea huruma kidogo. Amerithi deni ambalo hakulikopa.

Huruma hiyo haidumu, maana njia aliyochagua kulilipa ni kukopa zaidi. Watu wake hawakulima vya kutosha, basi chakula kilitafutwa kwa kubadilishana shanga na nguo, na kilipokosekana, kwa kuvamia. Anaandika vijiji vilivyochomwa na ng'ombe walioswagwa kwa mkono ule ule wa mtunza ghala: leo wangapi, kesho wangapi. Sijaona akiuliza wale waliobaki bila ng'ombe walikula nini.

Jirani yake mkubwa alikuwa mfalme wa Anosy, nchi iliyoizunguka ngome, ambaye Flacourt anamwandika Dian Ramach. Huyu bwana angestahili makala yake peke yake. Alipokuwa kijana Wareno walimchukua kwa nguvu hadi Goa, mji wao kule India, huko akafundishwa na mapadri, akabatizwa Dom André, na mwaka 1616 wakamrudisha kwao wakitegemea atawafungulia mlango. Hakufungua kitu. Alirudia mila za baba zake, akabaki na Kireno chake kwa ajili ya kuongea na wageni. Basi fikiria hali ilivyokuwa: gavana wa Ufaransa amekuja kuwastaarabisha "washenzi", na mfalme wa washenzi hao ameshaishi mji mkubwa wa Bahari ya Hindi, anajua misa inavyosomwa, na anamwona mgeni wake hadi mfupa. Mwaka 1651 watu wa Flacourt waliuvamia mji wake, Fanjahira, wakampiga risasi, akafa.

Na hapo ndipo nilipotaka kufunga simu na kuachana na huyu mtu. Kilichonirudisha ni mimea.

Kwa sababu gavana huyu mkali, kila alipoacha kuhesabu ng'ombe wa watu, alikuwa akiuliza maswali. Jani hili linaitwaje? Linatibu nini? Mzizi huu mnauchemsha au mnautafuna? Kitabu chake, kilichotoka Paris mwaka 1658, kina sura nzima za miti, mizizi, magugu, mijusi, ndege, samaki, na kila kitu kimeandikwa kwanza kwa jina la wenyeji. Hakulazimisha majina ya Ulaya. Labda hakuwa nayo, maana ilikuwa karibu miaka mia kabla Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, hajaupa ulimwengu utaratibu wake wa majina mawili mawili. Lakini hata hivyo, sikio lake lilisikiliza.

Kuna mmea mmoja anauita amramatico. Anausimulia hivi: unafika futi tatu kwenda juu, na kwenye ncha ya jani linaning'inia kitu kama jagi dogo lenye kifuniko chake, jambo la kushangaza kuliona. Kuna ya rangi nyekundu na ya njano, na ya njano ndiyo makubwa. Wenyeji hawapendi kuyachuma, anasema, kwa sababu ukiyachuma ukipita njiani, siku hiyo mvua haikosi kunyesha. Kisha anaongeza kwamba yeye na Wafaransa wote waliyachuma, na mvua haikunyesha. Na baada ya mvua kila jagi huwa limejaa maji, nusu glasi nzuri.

Hayo ndiyo maelezo ya kwanza kuchapishwa juu ya mmea ambao wataalamu baadaye waliuita Nepenthes. Maji yale ya jagini ni mtego: wadudu huteleza, wakazama, mmea ukawameng'enya. Flacourt hakulijua hilo. Lakini angalia alivyofanya. Mtu mwingine wa zama zake angeandika "wana ushirikina mwingi" akapita. Yeye aliunukuu mwiko wenyewe, kwa sababu yake, kwa urefu wake, halafu akauvunja aone itakuwaje, halafu akaripoti. Huo ndio udadisi wake wote, na ndio ujeuri wake wote, katika sentensi tatu. Kwa Kimalagasi mwiko ni fady, na sijui kijiji kilichokuwa kikimtazama Mfaransa akichuma majagi ya mvua kilisema nini usiku ule, lakini nina hakika hawakusema "ahaa, kumbe hainyeshi." Walisema ataona.

Mnyama aliyenikalia kichwani kuliko wote anaitwa tretretretre. Ukubwa wa ndama wa miaka miwili, kichwa cha mviringo, uso wa mtu, masikio ya mtu, mikono na miguu ya nyani, nywele za kujiviringa, mkia mfupi. Alionekana karibu na ziwa liitwalo Lipomami. Ni mpweke sana, anasema Flacourt, na wenyeji wanamwogopa wanamkimbia, kama yeye naye anavyowakimbia wao.

Kwa miaka mingi wasomaji wa Ulaya waliliona hilo kuwa hadithi ya mabaharia. Kisha wachimbaji wakaanza kutoa kwenye mapango na matope ya Madagascar mifupa ya lemuri wakubwa ajabu, wa jamaa za hawa wadogo waliopo leo, wengine wakiwa na uzito wa mtu mzima na kuzidi. Wataalamu hawajakubaliana ni yupi kati yao aliyekuwa tretretretre, lakini wengi wanaona kwamba Flacourt aliandika habari za mnyama wa kweli, aliyekuwa ukingoni mwa kutoweka. Mimi hurudi kwenye ile sentensi ya mwisho: wanamkimbia kama yeye anavyowakimbia. Mtu aliyeweza kuona woga wa pande mbili kati ya mnyama na kijiji, akiwa amejifungia ndani ya boma lenye mizinga!

Halafu kuna vorompatra. Vorona kwa Kimalagasi ni ndege, na Ampatres ni jina analolitumia Flacourt kwa nchi kame ya kusini, inayoitwa leo Androy. Ndege mkubwa anayeishi huko, anataga mayai kama ya mbuni, na watu hawawezi kumkamata kwa sababu hutafuta mahali pasipo na mtu. Hayo tu, mistari michache. Mwaka 1851 mayai yalifika Paris, kila moja la kubeba zaidi ya lita 8, na mtaalamu Isidore Geoffroy Saint-Hilaire akampa ndege huyo jina Aepyornis maximus. Alikuwa na kimo cha kama mita 3. Mchanga wa Androy mpaka leo unatoa vipande vya maganda yake, vinene kama vigae.

Flacourt hakudai kwamba alimwona, na mimi simwamini kwamba ndege alikuwa bado hai siku zake. Mifupa mingi iliyopimwa ni ya karne nyingi kabla yake. Nadhani alichokisikia kilikuwa kumbukumbu iliyokuwa bado ikisimuliwa kwa wakati uliopo, kama bibi anavyosema "pale kwa Mhindi panauzwa mafuta ya taa" wakati duka lilifungwa nikiwa darasa la pili. Lakini kumbukumbu hiyo ilitoka kwa nani? Kwa wenyeji. Hakuna meli iliyomletea habari za ndege huyo.

Kuna mambo mengine ya kitabu hiki ambayo nadhani mtu wa pwani ya Afrika Mashariki huyasoma kwa jicho jingine kuliko Mfaransa. Watawala wa Anosy, Zafiraminia, walimwambia Flacourt kwamba mzee wao Raminia alitoka Maka. Mfaransa akisoma hapo anaanza kuuliza kama ni kweli. Mimi nilitabasamu: nimekua nikisikia nani ni Mshirazi na nani si Mshirazi, na najua kwamba swali la "ni kweli?" huja baada ya swali la "anamwambia nani, na kwa nini?" Flacourt anaeleza pia kwamba watu wa tabaka la juu peke yao, roandria, ndio walioruhusiwa kuchinja, mtu wa kawaida akiwa na ng'ombe wake mwenyewe ilimlazimu amtafute mwenye haki ya kushika kisu. Hawakuwa na msikiti wala hawakufunga kwa namna tunayoijua, lakini kisu kilikuwa bado kinakumbuka.

Waganga wao waliitwa ombiasy. Walikuwa waandishi, wakiandika Kimalagasi kwa herufi za Kiarabu, maandishi yanayoitwa sorabe, kwa kalamu ya mwanzi, juu ya karatasi walizojitengenezea kwa magome ya mti. Yaani Kimalagasi kwa herufi za Kiarabu, kama Kiswahili chetu cha kina Mwana Kupona. Uhasama ulipopamba moto, ombiasy walipigana kwa silaha zao: Flacourt anasimulia makapu ya karatasi zilizoandikwa na mayai yaliyotagwa siku ya Ijumaa, yamejaa maandishi, yaliyopelekwa kuidhuru ngome. Anayaeleza kwa dharau. Lakini aliyaorodhesha yote, mpaka siku ya kutagwa. Hata akidharau, hawezi kuacha kuandika.

Na lugha. Flacourt alichapisha kamusi ya Kimalagasi mwaka ule ule wa 1658. Kimalagasi asili yake ni mashariki ya mbali, kwa jamaa za lugha za Borneo, lakini ukiingia zizini na bandani unakutana na majirani zako: omby ni ng'ombe, akoho ni kuku, akanga ni kanga, ondry ni kondoo, na mbwa kwa baadhi ya lahaja ni amboa. Siku zao ni alarobia, alakamisy, zoma. Yaani mabaharia waliokuja kutoka upande wa jua linapochomoza walikutana na wafugaji waliotoka upande wetu, na mifugo ikabaki na majina yake.

Sasa turudi ngomeni, maana nimemwacha gavana juu ya mti.

Februari 1650 meli Saint-Laurent iliondoka kurudi Ufaransa. Flacourt akakaa akingoja nyingine. Kule kwao vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimepamba moto, mfalme bado mtoto, na kampuni haikuwa na fedha wala hamu. Haikuja meli mwaka 1650. Haikuja 1651, wala 1652, wala 1653. Risasi zikapungua, viatu vikaisha, na majirani aliowachomea vijiji ndio hao hao aliowahitaji wamuuzie mpunga. Mwisho wa 1653 akakata tamaa, akapanda jahazi dogo kwenda kutafuta msaada, upepo ukamkatalia, akarudi alikotoka. Kupanda alipanda kwa hiari yake. Ngoma sasa ilikuwa inapigwa.

Katika siku hizo ndipo alipochonga maneno kwenye jiwe la marumaru na kulisimamisha pale pale, kwa ajili ya Mzungu yeyote ambaye angefika na kukuta ngome haina watu. Ni Kilatini. Kwa Kiswahili yanakuja hivi: Ewe mgeni, soma maonyo yetu; yatakufaa wewe, watu wako na uhai wako: jihadhari na wenyeji. Kwaheri.

Cave ab incolis. Jihadhari na wenyeji. Niliusoma mstari huo nikiwa nimekaa barazani, nikauweka mezani pamoja na kitabu. Amramatico aliambiwa na nani? Tretretretre? Ni nani aliyemwonyesha mzizi upi unashusha homa, akamzuia asile upi? Mwandishi wa jiwe lile asingekuwa na ukurasa mmoja wa kuchapa Paris bila wale anaotuonya tuwaogope. Walimpa hata majina. Na sidhani kwamba alikuwa mnafiki. Nadhani alikuwa na vyumba viwili kichwani, kimoja cha gavana na kimoja cha mtu wa mimea, na mlango kati yake haukuwahi kufunguliwa.

Meli zilifika Agosti 1654, lakini hazikuwa za kampuni yake. Zilikuwa za bwana mkubwa mwingine aliyekuwa na macho yake juu ya kisiwa. Na ndani yake alikuwemo nani? Pronis, amerudi. Flacourt alimwachia ngome mtu yule yule aliyeanzisha matatizo, akaondoka Februari 1655, akafika kwao katikati ya mwaka. Pronis alikufa mwaka huo huo.

Wale waasi 12 je, waliotupwa kisiwani? Hao ndio mchezo wa kudura. Waliporudishwa baada ya miaka 3, kila mtu akitegemea mifupa, walishuka wamenenepa, ngozi zinang'aa, wakasimulia maji matamu, kobe, nguruwe, na kwamba huko hakuna homa. Flacourt akakitwaa kisiwa hicho mwaka 1649 kwa jina la mfalme wake, akakibandika jina la ukoo wa kifalme, Bourbon. Leo ni Réunion, na bado ni Ufaransa. Fort Dauphin, alikopigania kila inchi, iliachwa mwaka 1674 baada ya wenyeji kuwaua Wafaransa wengi, na waliosalimika wakakimbilia Bourbon na kwingineko. Kutoka visiwa vya Mascarene, yaani Bourbon na jirani yake Mauritius, ndiko zilikotoka karafuu zilizokuja kupandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Basi ukitia karafuu kwenye pilau ujue kuna njia ndefu inayopita kwa watu 12 waliotupwa kisiwani na Pronis. Na Wafaransa waliporudi kuitwaa Madagascar yote, hadi kuifanya koloni mwaka 1896, walikuwa wamebeba hoja kwamba haki yao ni ya tangu enzi za Fort Dauphin.

Jina la mti lilikuja Flacourt akiwa kaburini zaidi ya miaka mia. Philibert Commerson, mtaalamu wa mimea, alipita Fort Dauphin mwaka 1770, na ndiye aliyetaka mti huo wa miiba uwe kumbukumbu ya gavana wa kale. Commerson naye akafa kabla hajachapisha. Charles L'Héritier akalichapisha jina hilo mwaka 1786. Wamalagasi walikuwa na jina lao, wanalo mpaka leo: lamoty.

Kaburini nimesema kwa mazoea ya lugha. Kaburi hana. Mwaka 1660, kitabu chake kikiwa mikononi mwa wasomaji na toleo la pili likiandaliwa, alipanda meli kwenda tena Bukini. Njiani maharamia wa Afrika Kaskazini wakaishambulia meli yao, ikateketea, na Flacourt akafa humo baharini, umri wa miaka hamsini na ushei. Toleo la pili lilitoka 1661.

Mwaka jana nilimsimulia bibi kisa hiki chote. Ua wake umeng'olewa, wajomba wamejenga ukuta wa matofali, lakini wamebakiza mchongoma mmoja karibu na kisima kwa sababu alikataa usiguswe. Alikuwa anapeta mchele. Alinisikiliza bila kuinua uso, akatoa chenga, akatoa mawe. Nilipofika kwenye miaka ile ya kungoja meli akaguna. Nilipomwambia kwamba hatimaye ilikuja, akapanda, akafika kwao salama, akasema, "Alhamdulillahi, akashuka."

"Akashuka, bibi. Akakaa miaka mitano, halafu akafunga safari ya kurudi."

Ungo ukasimama.

"Kurudi kule kule?"

"Kule kule."

Bibi akanitazama, kisha akautazama mguu wangu, kisha akaendelea kupeta.